Fundi Anajibu: Kuruti na kuflashi simu za zamani

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na shida za aina moja: simu za Android za miaka ya 2012 hadi 2017, kioo bado kizima, betri bado inahimili, ila zimejaa, zimepitwa, au mwenyewe anataka mamlaka ambayo kiwanda hakikumpa, na huko ndiko kuruti. Kuflashi ni kuandika upya faili za mfumo kwenye simu. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatafaa wengi. Majina ya vitufe na ujumbe wa kwenye kioo tumeyaacha yalivyo ili usipotee ukiwa mbele ya kompyuta.

Fundi, shikamoo. Nina Galaxy S4 ya mtumba. Hifadhi ya ndani imejaa na programu za kiwandani hazifutiki. Nimeambiwa niiruti kwa Odin. Naomba hatua zote, na uniambie naweza kuharibu nini. — Msomaji, Morogoro

Marahaba. Kabla ya Odin, programu ya Windows ya kuflashi simu za Samsung, tuelewane kwanza, maana wengi huruti kwa sababu hiyohiyo halafu hulalamika kwamba nafasi haijaongezeka. Hifadhi ya simu imekatwa patisheni, yaani vyumba. Programu za kiwandani zinakaa kwenye patisheni ya system. WhatsApp, picha na programu unazopakua zinakaa kwenye data. Mipaka ya hizo mbili haisogei. Ukiruti na kufuta programu za kiwandani za megabaiti 500, nafasi hiyo inabaki huko huko system, na data haipati hata megabaiti moja. Ndiyo maana S4 ya gigabaiti 16 humwachia mtumiaji takriban 9 tu, na kuruti hakubadilishi hesabu hiyo. Ukitaka nafasi bila kuruti, nenda Settings, Application manager, chagua programu ya kiwandani, bonyeza Uninstall updates kisha Disable. Masasisho yake ndiyo yaliyokuwa yanakula data.

Faida ya ruti kwa mtu mwenye shida yako ni programu iitwayo Link2SD. Unagawa kadi ya kumbukumbu patisheni mbili, ya pili ikiwa ya mpangilio wa ext4, na programu zinahamia huko kikweli. Kama hilo ndilo unalotaka, twende.

Jua kwanza simu uliyonayo. S4 si simu moja: GT-I9500 ina chipu ya Exynos, GT-I9505 ina Snapdragon 600, na kwa nje hutazitofautisha. Faili la moja halifai kwa nyingine. Stika iliyo chini ya betri usiiamini peke yake, kwa sababu mtumba mwingi umeshabadilishwa ubao au kava. Zima simu, bonyeza kwa pamoja Volume Down, Home na Power, likija onyo bonyeza Volume Up. Hiyo ndiyo modi ya Download. Juu kushoto kuna mstari wa PRODUCT NAME, nao unasomwa kutoka kwenye ubao wenyewe. Hapo hapo tazama mstari wa KNOX WARRANTY VOID, Knox ikiwa ni ulinzi wa Samsung. Ukisoma 0, simu haijawahi kuwekewa kitu kisicho cha kiwanda. Ukiflashi rikavari (mfumo mdogo wa kurekebishia simu) ya nje inakuwa 1, na hairudi tena 0 hata ukirudisha faimwea (mfumo mzima wa simu) ya kiwanda, kwa kuwa ni fyuzi inayoungua ndani ya chipu. Kwa S4 kuukuu hasara ni ndogo. Kwa Galaxy mpya zaidi, Samsung Pay na Secure Folder huaga moja kwa moja.

Maandalizi. Pakua kwanza faimwea kamili ya kiwanda ya modeli yako, kabla hujagusa chochote. Ni zaidi ya gigabaiti moja, kwa hiyo panga bando. Hilo faili ndilo litakalokutoa mambo yakienda kombo, na kulitafuta simu ikiwa tayari imegoma ni kujitesa. Sakinisha draiva ya USB ya Samsung kwenye Windows. Kama una Kies, programu ya Samsung ya kuunganisha simu na kompyuta, ifunge hadi kwenye Task Manager, maana inajificha nyuma na kugombea simu na Odin. Chaji ifike asilimia 60 au zaidi. Tumia waya unaopitisha data, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitie hub.

Pakua TWRP, ndiyo rikavari ya nje, chagua ya modeli yako, ile ya kuishia .tar. Odin haipokei .img. Pakua pia zip ya SuperSU 2.82, programu inayotoa ruhusa za ruti, uiweke kwenye kadi ya kumbukumbu. S4 inaishia Android 5.0.1, na kwa umri huo SuperSU ndiyo inayokaa vizuri. Simu ya Android 6 kwenda juu ungeiwekea Magisk, inayofanya kazi hiyohiyo.

Sasa fungua Odin kwa Run as administrator. Ingiza simu modi ya Download, chomeka waya. Kisanduku cha ID:COM kinageuka rangi na chini linatokea neno Added!! Bonyeza AP, kwenye Odin za zamani kinaitwa PDA, chagua TWRP. Kisha ingia Options uondoe tiki ya Auto Reboot. Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, halafu wanasema TWRP haikukaa. Faimwea ya kiwanda ina skripti inayoandika upya rikavari yake kila simu inapowaka. Ukiacha Odin iwashe simu yenyewe, TWRP inafutwa kabla hujaiona. F. Reset Time iache. Re-Partition usiiguse kabisa.

Bonyeza Start. TWRP ni megabaiti chache, sekunde kadhaa tu inaandika PASS! Chomoa waya, toa betri, hesabu mpaka kumi, rudisha betri, kisha bonyeza Volume Up, Home na Power kwa pamoja. Usiiruhusu simu kuwaka kawaida kwanza.

Ndani ya TWRP anza na Backup: Boot, System, Data na EFS, zote ziende kwenye kadi. EFS ni ndogo lakini ndimo ilimo IMEI yako, namba ya utambulisho wa simu. Inakili baadaye kwenye kompyuta na mahali pengine pa pili. Halafu Install, chagua zip ya SuperSU, telezesha. Kama TWRP yako ni ya zamani na inapotaka kutoka inauliza ikuwekee SuperSU yake, kataa, ya kwako tayari ipo. Simu inaweza kujizima na kuwaka mara moja au mbili mwanzoni. Ikiwaka, kwenye logo utaona maandishi madogo ya njano au mekundu kama Set Warranty Bit au RECOVERY IS NOT SEANDROID ENFORCING. Hayo ni taarifa tu, si hitilafu.

Nyongeza: USB debugging haihitajiki kwa kazi hii. Modi ya Download iko chini ya Android, hata simu isiyowaka inaingia.

Odin yangu inafika SetupConnection inaganda. Nikibadilisha waya inaendelea kidogo halafu inatoa FAIL nyekundu. Simu sasa inaonyesha picha ya simu na kompyuta yenye alama ya njano katikati. Imekufa? — Msomaji, Tanga

Haijakufa. Maandishi ya hapo ni "Firmware upgrade encountered an issue", maana yake uandishi ulikatika katikati. Ukiwa kwenye kioo hicho hicho Odin bado inaiona simu. Usihangaike na kitufe chochote, chomeka tu uflashi upya faimwea kamili.

Kuhusu kuganda: SetupConnection ni pale Odin na simu zinapoanza kuzungumza. Zikigoma, kosa liko njiani, yaani waya, tundu, au draiva. Jaribu tundu la USB 2.0 badala ya lile la buluu, na kila ukishindwa toa simu kwenye modi ya Download uiingize upya. Jaribio la pili bila kuiingiza upya linaganda palepale hata kama waya sasa ni mzuri.

FAIL yenyewe haisemi kitu. Soma mstari ulio juu yake, na usome kioo cha simu, kwa sababu sababu halisi mara nyingi inaandikwa huko. "MD5 hash value is invalid" inatokea kabla hata ya kuanza: faili lako limeharibika, pakua tena. Wapo wanaofuta .md5 kwenye jina ili Odin isikague, na huko ni kuingiza faili bovu kwenye simu kwa makusudi. "There is no PIT partition" ni Odin kushindwa kusoma ramani ya hifadhi. Badilisha waya kwanza. Ikijirudia kwa waya tatu na kompyuta mbili, chipu ya kumbukumbu ndiyo inayoondoka, na Galaxy S3 za mwanzo zinajulikana kwa ugonjwa huo. Kwenye Galaxy za miaka ya baadaye simu inaweza kuandika "SW REV. CHECK FAIL. DEVICE: 2, BINARY: 1". Hapo unajaribu kurudisha butiloda (programu inayowasha mfumo) kwenye toleo la nyuma, na simu haikubali. Tazama jina la faimwea, alama ya tano kutoka mwisho: isiwe ndogo kuliko ile iliyomo kwenye simu. Hakuna toleo la Odin litakalokusaidia kuruka ukuta huo, tafuta faimwea yenye namba sawa au kubwa zaidi.

Nikiiruti Galaxy S3 yangu yenye Android 4.3, WhatsApp itarudi? — Msomaji, Bujumbura

Hairudi. WhatsApp haikubali tena Android iliyo chini ya 5.0, na kuruti hakubadilishi toleo la Android. Unachohitaji ni mfumo mwingine mzima. Kwa GT-I9300 upo LineageOS 14.1, ambao ni Android 7.1. Unaweka TWRP kama ilivyoelezwa juu, unafanya bakapu ya EFS, unafuta System, Data, Cache na Dalvik kupitia Advanced Wipe, unaweka zip ya mfumo, na palepale bila kuwasha unaweka kifurushi cha Google, ARM ya 7.1, kile kidogo kabisa kiitwacho pico. Ukiwasha kwanza ndipo ukaweka vya Google, huduma zake zinaanguka kila dakika. Zip ikikataa kwa Error 7, soma ilichoandika: mara nyingi ni ya modeli nyingine, au TWRP yako ni ya zamani mno. Kuna ushauri unaozunguka wa kufungua zip na kufuta mistari ya ukaguzi. Usifanye. Ukaguzi huo ndio unaozuia kerneli (kiini cha mfumo) ya simu nyingine isiandikwe kwenye yako. Na S3 ina RAM ya gigabaiti moja tu, kwa hiyo itafungua WhatsApp, lakini usitarajie mbio.

Habari za kazi, fundi. Nina Tecno ya chipu ya MediaTek MT6580. Nimejaribu programu za kuruti kwa kubonyeza mara moja, zimeniletea matangazo tu. Faimwea na SP Flash Tool (programu ya kuflashi simu za MediaTek) ninavyo. Nifanyeje? — Msomaji, Mombasa

Salama. Hizo za kubonyeza mara moja zinatumia matundu ya usalama ya zamani. Simu ikiwa imesasishwa, tundu limezibwa, na kinachobaki ni programu ngeni uliyoikaribisha mwenyewe. Hata zikifaulu, zinaweka meneja wao wa ruti, na hujui anampa nani nini. Zing'oe, na ikibidi rudisha simu katika hali ya kiwanda kabla ya kuendelea.

Kwa MediaTek njia safi ni kubandika Magisk kwenye boot.img, faili la kuwashia mfumo. Kwanza hakikisha faimwea yako inalingana na Build number ya kwenye Settings, herufi kwa herufi, si jina la modeli tu. Simu hizi hutengenezwa kwa mafungu, na fungu moja linaweza kuwa na kioo tofauti na jingine. Ukiweka la fungu jingine simu inawaka lakini kioo ni cheupe, kimegeuka, au hakisikii kidole.

Toa boot.img ndani ya faimwea, ihamishie kwenye simu. Sakinisha Magisk. Kama simu ni Android 5.1 chukua toleo la 25.2, kwa sababu kuanzia 26 Magisk inadai Android 6. Ndani yake chagua Install, kisha Select and Patch a File, uoneshe boot.img. Faili jipya lenye jina la kuanzia na magisk_patched linatokea kwenye folda ya Download. Lirudishe kwenye kompyuta.

Fungua SP Flash Tool, pakia faili la scatter, yaani ramani ya patisheni, lenye jina kama MT6580_Android_scatter.txt. Orodha ya patisheni inajaa, zote zina tiki. Ondoa tiki zote. Rudisha tiki kwa boot peke yake, bonyeza njia ya faili iliyo mbele yake uchague lile la magisk_patched. Hapo juu pasomeke Download Only. Angalia mara mbili kwamba preloader haina tiki. Preloader ndiyo kitu cha kwanza kusomwa simu inapowaka, na ya fungu jingine inaiua simu kwa namna ambayo fundi wa kawaida hataifufua upesi.

Bonyeza Download, kisha zima simu, toa betri na uirudishe, chomeka waya. Mstari mwekundu unapita, wa njano unafuata, tiki ya kijani inatokea. Boot ni ndogo, usishangae ikiisha kwa sekunde chache.

Kama hakuna kinachotokea, fungua Device Manager na uchomeke tena. Inatakiwa kutokea MediaTek PreLoader USB VCOM kwa sekunde chache kisha kupotea. Ikija na alama ya njano, draiva haijakaa. Windows ya biti 64 inakataa draiva isiyosainiwa: bonyeza Restart huku umeshika Shift, pitia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha namba 7, halafu sakinisha upya. Kosa la 4032 lenye maneno S_FT_ENABLE_DRAM_FAIL mara nyingi ni faimwea isiyolingana na kumbukumbu ya ubao wako, au betri iliyoisha.

Simu ikiwaka ikaandika Orange State na kusubiri sekunde tano, ni kawaida kwa iliyofunguliwa butiloda. Ikiwaka na kuishia kwenye logo, rudia hatua zilezile ukitumia boot.img ya asili. Ndiyo uzuri wa njia hii: umegusa patisheni moja, na unaweza kuirudisha.

Kwa wenye itel nyingi za bei nafuu: kama ndani ni chipu ya Spreadtrum, SP Flash Tool haiwahusu. Faimwea zao ni faili moja la .pac na programu yake ni ResearchDownload.

Mimi kwenye SP Flash Tool nilichagua Format All + Download. Simu imewaka safi kabisa lakini haina mtandao, na *#06# inatoa IMEI batili. Kijana mmoja wa mjini anasema ataniwekea namba yoyote. — Msomaji, Nakuru

Mwambie hapana. Format All inafuta kila kitu, pamoja na patisheni ya nvram yenye IMEI na vipimo vya redio ambavyo simu yako ilipewa kiwandani. Faimwea ya kupakua haina vitu hivyo, kwa hiyo hakuna kuflashi kutakakoviumba upya. Kuweka IMEI ya simu nyingine ni kosa la jinai kwa sheria za Kenya na za Tanzania. Na mitandao inakagua: Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, Tanzania ikafuata tarehe 16 Juni 2016.

Namba halali ni ile iliyo kwenye stika chini ya betri na kwenye boksi. Chukua simu, boksi na risiti kama unayo, nenda kituo cha huduma cha chapa yako. Kwa Tecno, Infinix na itel ni Carlcare. Wao wanairudishia simu namba yake yenyewe.

Kwa wengine ambao bado hamjaflashi: SP Flash Tool ina ukurasa wa Readback. Fungua faili la scatter kwa Notepad, tafuta partition_name: nvram, nakili linear_start_addr na partition_size, mara nyingi 0x500000 ambayo ni megabaiti 5. Ingiza namba hizo Readback, bonyeza Read Back, chomeka simu ikiwa imezimwa. Faili linalotoka lihifadhi. Fanya vivyo hivyo kwa protect1, protect2, na nvdata kama ipo.

Ndugu yangu kaniletea Galaxy S5 kutoka Marekani, SM-G900A. TWRP inakataa kila mara. — Msomaji, Zanzibar

Itakataa daima. Herufi A ya mwisho ni AT&T, na kampuni hiyo ilifunga butiloda. Odin itaandika tu faili zilizosainiwa na Samsung. SM-G900F ya kimataifa na SM-G900T ya T-Mobile hazina kizuizi hicho. Towelroot, iliyotolewa na George Hotz mwaka 2014, ilipita kwenye tundu la kerneli bila kugusa butiloda, lakini inafanya kazi kwa kerneli zilizotengenezwa kabla ya Juni 2014. Tazama tarehe kwenye Settings, About device, Kernel version. Kama simu imeshasasishwa kupita hapo, itumie ilivyo. Anayekuambia anauza faili la kufungua G900A kwa Odin anakuuzia hewa. Na mnaoagiza simu kwa jamaa walioko Marekani, ulizeni herufi ya mwisho ya modeli kabla pesa haijatoka.

J5 2016 yangu niliiruti vizuri. Jana nimezima OEM unlock kwa sababu za usalama, ikawaka na kuandika "Custom binary blocked by FRP lock". — Msomaji, Dodoma

Kufuli hilo la FRP, la kuzuia wezi, lilikuja na Android 5.1. OEM unlock ikiwa imewashwa, butiloda inavumilia rikavari na kerneli zisizo za kiwanda. Ukiizima, inakagua, inakuta TWRP, inagoma kuwaka. Ukisharuti, kitufe hicho usikiguse tena.

Dawa ni faimwea kamili ya kiwanda kwa Odin: jaza visanduku vya BL, AP, CP, na kwenye CSC jaribu kwanza lile faili la kuanzia na HOME_CSC, ambalo halifuti data. Bila HOME linafuta kila kitu. Data yako inaweza kupona, lakini kama ulishafanya Format Data au umeondoa usimbaji kupitia TWRP, huenda mfumo wa kiwanda ukadai kuanza upya. Ikifutika, simu itaomba akaunti ya Google iliyokuwemo. Kama simu uliinunua mkononi na akaunti ni ya muuzaji, ni yeye wa kuiingiza. Njia za kukwepa hatuzielezi hapa, maana ndizo zinazowapa wezi soko. Siku ya kununua mtumba, mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako, kisha yeye mwenyewe airudishe hali ya kiwanda kutoka ndani ya Settings.

Ukitaka kuruti tena: washa simu, gonga Build number mara saba, ingia Developer options inayotokea, washa OEM unlock, ndipo uende Odin.

Baada ya kuruti, programu ya benki inafunga ikisema simu si salama. Je, na M-Pesa nitaikosa? — Msomaji, Mwanza

Ya menyu hutaikosa. *150*00# inapita kwenye laini na mtandao, haiulizi mfumo wa simu una nini, na menyu za mitandao mingine ni hivyo hivyo. Zinazokataa ni programu za kupakua, ambazo huiuliza Google kupitia Play Integrity kama mfumo umeguswa. Magisk ina DenyList ya kuificha ruti kwa programu fulani. Leo inafanya kazi, kesho Google inabadilisha, na wewe unabaki kukimbizana.

Kwa maoni yetu, simu yenye ruti isiwe simu ya benki kabisa. Programu yoyote uliyoipa ruhusa ya ruti inaweza kusoma data za programu nyingine zote. Kama ndiyo simu yako pekee, iondoe ruti: Magisk, kisha Uninstall Magisk, Complete Uninstall. Kwa SuperSU ingia Settings zake, Full unroot. Benki ikiendelea kukataa, flashi faimwea nzima ya kiwanda.

Simu yangu ni Android 6. Tovuti nyingi zinaleta onyo la usalama, Chrome inasema muunganisho si wa faragha. Nimeambiwa dawa ni kuruti. — Msomaji, Iringa

Angalia tarehe kwanza. Simu ikitolewa betri inaweza kurudi miaka nyuma, na kila tovuti italalamika.

Kama tarehe ni sahihi, tatizo ni cheti, yaani kitambulisho cha tovuti. Tovuti nyingi sana zinatumia vyeti vya Let's Encrypt, na cheti mama chake, ISRG Root X1, kimo kwenye Android kuanzia 7.1.1. Simu za chini ya hapo zilikuwa zinabebwa na sahihi ya cheti kingine, ubebaji uliokoma tarehe 30 Septemba 2024.

Huhitaji ruti. Kwa kompyuta au simu nyingine pakua ISRG Root X1 kutoka tovuti ya Let's Encrypt yenyewe, si kwingine, kwa kuwa cheti mama cha mtu usiyemjua kinampa uwezo wa kusoma unachoandika. Badilisha mwisho wa jina uwe .crt, kiweke kwenye hifadhi ya ndani, nenda Settings, Security, Install from storage. Simu itakulazimisha kuweka PIN au mchoro, na itakuwa inakuonya kwamba huenda mtandao unachunguzwa. Onyo hilo linatokana na cheti ulichokiweka wewe.

Ukiwa tayari umeruti kwa sababu nyingine na onyo linakukera, fungua meneja wa faili mwenye ruhusa ya ruti, nenda /data/misc/user/0/cacerts-added. Utakuta faili lenye jina la tarakimu na herufi nane na .0 mwishoni. Lihamishie /system/etc/security/cacerts, ruhusa ziwe 644 kama za majirani zake, mmiliki root, kisha washa simu upya. Onyo linatoweka, na PIN unaweza kuiondoa ukipenda.